Msimamizi Anapofanya Kazi Yako: Mwongozo wa Kufungua Lalamiko Uganda

Mchezo huu unachezwa kwenye viwanda vya sukari, simenti, chai na vinywaji. Zamu inakwisha saa kumi na moja jioni, lori bado halijajaa, na badala ya kumwomba mwendeshaji abaki kwa ovataimu, supavaiza anapanda foklifti mwenyewe. Yeye ana mshahara wa mwezi. Hata akibaki hadi saa nne usiku, kampuni haimwongezi kitu. Mwendeshaji naye ameshafika nyumbani bila pesa ambayo ingekuwa yake. Hali hiyo ikiendelea mwaka mzima, ovataimu inapungua kwenye vitabu, kisha meneja anauliza kikaoni: waendeshaji watatu mbona wanatosha, huyu wa nne wa nini?

Jambo la kulijua kabla hujashika kalamu ni kwamba hakuna sheria ya Uganda inayomkataza msimamizi kufanya kazi ya mikono. Ukienda kwa afisa wa kazi wa wilaya na kusema tu "bosi anafanya kazi yangu", atakuuliza umevunjiwa nini, na hapo utakwama. Mfano unaotajwa sana ni wa Marekani, ambako mkataba wa chama cha wafanyakazi cha Teamsters na kampuni ya kusafirisha vifurushi ya UPS unamzuia msimamizi kufanya kazi za wanachama, na akizifanya, mfanyakazi aliyenyimwa analipwa saa hizo kwa kiwango mara mbili. Hata hicho hakikutoka bungeni. Ni kifungu cha mkataba, kilipatikana mezani. Kwetu pia nguvu yako iko kwenye mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri, na kwenye uwezo wa kuonyesha ni pesa ya nani iliyochukuliwa.

Anza na mkataba, si na hasira

Mwombe katibu wa tawi nakala ya mkataba wa pamoja. Wanachama wengi wanakatwa ada kila mwezi na hawajawahi kuuona. Katiba ya 1995, ibara ya 40, inakupa haki ya kujiunga na chama, kujadiliana kwa pamoja na kuwakilishwa, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba karatasi hiyo ni siri ya viongozi.

Ukishaipata, tafuta kifungu kinachosema wasimamizi hawatafanya kazi za madaraja yaliyo chini ya mkataba. Kikiwepo, umepata njia fupi. Kisipokuwepo, usiikunje karatasi. Soma jinsi ovataimu inavyogawanywa, orodha ya madaraja na kazi zake, idadi ya watu wanaotakiwa kwenye kila mashine au zamu, na utaratibu wa malalamiko pamoja na siku zake. Lalamiko la "msimamizi amefanya kazi yangu" linaweza kuingia kwa mlango wa "ovataimu haikupita kwenye orodha" na likashinda vizuri tu.

Kuna mlango wa usalama pia. Kama mashine inahitaji mtu aliyepewa kibali cha kuiendesha, na msimamizi hana, hilo linaangukia Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006. Lipeleke kwa kamati ya usalama, kwa barua yake peke yake. Ukilichanganya na madai ya pesa, utawala utasema unatumia usalama kama kisingizio.

Mlango wa mwisho ni kupunguzwa kazi kwa mlango wa nyuma. Mwajiri anayetaka kuachisha watu 10 au zaidi ndani ya miezi 3 kwa sababu za kiuchumi au za kimuundo anatakiwa na Sheria ya Ajira ya 2006 kukijulisha chama na Kamishna wa Kazi. Kama wasimamizi wanaanza kuzoea kazi zenu huku mikataba ya watu haihuishwi, andikeni sasa, maana baada ya barua za kuachishwa kutoka mtakuwa mnakimbizana na kivuli.

Msimamizi ni nani hasa?

Hapa malalamiko mengi yanafia. Nyapara wa shambani, kiongozi wa zamu, fundi mkuu: je, wako upande wa utawala au upande wenu? Kichwa cha cheo hakitoshi. Angalia kama daraja lake limo kwenye jedwali la mishahara la mkataba, kama anakatwa ada ya chama, na kama analipwa ovataimu. Nyapara anayelipwa kwa jedwali lenu na kukata miwa pamoja na kikosi chake si mtu wa kumfungulia lalamiko. Ni mwanachama mwenzako, na ukimshitaki utapasua tawi bure. Mtu wa kulenga ni yule ambaye saa zake za ziada hazimgharimu mwajiri chochote.

Kuna nyakati pia ambapo hata huyo ana haki ya kushika kazi. Moto, bomba limepasuka, mkanda unamvuta mtu: ashike, na asikuulize. Anafundisha mgeni kwa dakika chache, anaijaribu mashine iliyotoka kwa mafundi, au mtu hajafika na mbadala ameshaitwa kweli kweli. Mikataba mingi yenye kifungu hiki huyaruhusu haya. Kwa maoni yangu, hata kama mkataba wako hauyataji, yaache. Msimamizi aliyesukuma toroli moja la mifuko kwa sababu mvua inakuja si kesi, na ukimpeleka ofisini kwa hilo, siku ya kesi ya kweli hakuna atakayekusikiliza. Kinachostahili kupiganiwa ni mazoea: Jumamosi hadi Jumamosi, kila jioni baada ya kengele, kila siku kuu.

Daftari

Nunua daftari dogo la mfukoni. Kila tukio liandike siku hiyohiyo: tarehe, saa aliyoanza na saa aliyomaliza, mashine au sehemu, kazi yenyewe ("alipakia mifuko kwenye lori", si "alituingilia"), nani waliona, na nani alistahili kuitwa. Kama alisema kitu, andika maneno yake kama alivyoyasema, kwa lugha aliyotumia. Usiandike unavyohisi.

Daftari lako ni neno lako. Linapata uzito linapokutana na karatasi za kampuni yenyewe, na kiwanda kimejaa karatasi. Tiketi ya mizani inaonyesha lori lilitoka saa ngapi. Kitabu cha geti kinaonyesha nani alikuwa ndani. Karatasi ya safari ya trekta ina sahihi ya dereva. Kama sahihi ni ya msimamizi, kazi yako imekuwa nyepesi sana. Kitabu cha mafuta, vocha ya stoo na mashine ya alama za vidole getini vinasema mengi pia. Si lazima uwe na nakala. Inatosha kuandika: "tiketi ya mizani ya tarehe fulani, lori lilipimwa saa moja na dakika ishirini usiku", kisha mwakilishi wa chama aiombe rasmi. Usiibe karatasi wala kuinyofoa kitabuni. Hiyo ndiyo zawadi ambayo utawala unaisubiri.

Picha za simu nazipenda kidogo kuliko watu wengi. Viwanda vingi vina kanuni inayokataza kupiga picha ndani, na ukiivunja mjadala utahama kutoka kwa msimamizi kuja kwako. Kuisambaza picha yake kwenye kundi la WhatsApp la zamu na maneno ya kejeli ni kibaya zaidi, kwa sababu unaweza kuingia kwenye matatizo ya kisheria kwa jambo ambalo ungeshinda kwa tiketi ya mizani.

Mashahidi wawili wanatosha. Waombe waandike na kutia sahihi mapema, wakati bado wana hasira kama wewe. Baada ya mwezi, kumbukumbu hupungua na woga huongezeka.

Piga hesabu ya kilichopotea

Wengi wanaandika "nadai haki yangu" na kuishia hapo. Ofisi hailipi haki, inalipa shilingi.

Sheria ya Ajira inaweka saa 48 kwa wiki kama kiwango cha kawaida. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu siku za kawaida na mara mbili kwenye siku kuu zilizotangazwa na serikali, na mkataba wenu unaweza kuwa mzuri zaidi ya hapo. Tuseme unalipwa shilingi 624,000 kwa mwezi. Saa 48 mara wiki 52, gawanya kwa miezi 12, unapata saa 208. Basi saa yako moja ni shilingi 3,000. Msimamizi akipakia malori kwa saa 3 baada ya zamu ya Jumatano, umepoteza 3,000 mara moja na nusu mara 3, yaani 13,500. Saa hizohizo zikiwa za tarehe 9 Oktoba, Siku ya Uhuru, ni 18,000. Ikitokea mara mbili kila wiki ya kawaida, kwa wiki nne unapoteza 108,000, na hiyo ni karo ya mtoto na posho juu yake.

Wanaolipwa kwa siku, kwa kipande au kwa tani wahesabu kwa kipimo chao. Kama mkata miwa alirudishwa nyumbani kwa sababu "kazi imekwisha" na baadaye karatasi zinaonyesha wasimamizi walipakia, hasara ni tani zile kwa bei ya tani.

Swali gumu ni nani hasa alinyimwa. Madai yana nguvu yakiwa na mtu mmoja mwenye jina: yule aliyefuata kwenye orodha ya ovataimu, alikuwepo au alipatikana kwa simu, na anaiweza kazi hiyo. Kama orodha haipo, chama kidai kwa niaba ya kikundi, pesa igawanywe, na orodha itengenezwe kama sehemu ya suluhu. Msigombane ninyi kwa ninyi kuhusu nani alipwe kabla haijalipwa.

Kuliandika lalamiko

Ukurasa mmoja. Ofisi nyingi zinafanya kazi kwa Kiingereza, kwa hiyo hata kama zamu yenu yote inaongea Kiswahili kama ilivyo Masindi, Tororo au Arua, barua mara nyingi itabidi iende kwa Kiingereza. Iandikeni kwanza kwa Kiswahili mkaelewane, kisha mwenye Kiingereza kizuri aigeuze. Asiyejua kusoma analindwa na sheria: anayemwandikia lazima aweke kwenye karatasi jina lake la kweli na anwani yake, na kuthibitisha kwamba aliyeandikiwa alisomewa na kuelezwa yaliyomo. Asibonyeze dole gumba mahali ambapo hilo halijaandikwa.

Kwa Kiswahili, barua ingekaa hivi:

"Mimi ni mwendeshaji wa foklifti, zamu ya B, daraja la tatu. Tarehe fulani, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku, msimamizi wa upakiaji aliendesha foklifti namba 4 na kupakia malori mawili. Hakukuwa na dharura. Nilikuwa wa kwanza kwenye orodha ya ovataimu na sikuitwa. Hii ni kinyume cha kifungu fulani cha mkataba wa pamoja na vifungu vingine vyovyote vinavyohusika. Naomba: nilipwe saa 3 za ovataimu, orodha ya ovataimu ifuatwe, na msimamizi aelekezwe kwa maandishi kutofanya kazi hii tena."

Yale maneno "na vifungu vingine vyovyote vinavyohusika" yasikose. Yanakuokoa ukigundua baadaye kwamba kifungu sahihi kilikuwa kingine. Ukitaja sheria ya nchi, taja jina la sheria na jambo lenyewe badala ya namba ya kifungu tu, maana sheria za Uganda zilichapishwa upya na toleo jipya likaanza kutumika Julai 2024, na namba nyingi zimehama. Barua yenye namba ya zamani humpa mwanasheria wa kampuni kitu cha kucheka.

Toa nakala tatu. Moja ya ofisi, moja ya chama, moja yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa au kutiwa sahihi na tarehe. Wakikataa kupokea, rudi na shahidi, acha nakala, na uandike nyuma ya yako nani alikataa na saa ngapi.

Kupanda ngazi

Fuata ngazi za mkataba wenu na siku zake kama unavyofuata saa ya basi. Kwa kawaida unaanza na msimamizi mwenyewe, ukiwa na mwakilishi wa chama. Usiende peke yako, hata kama mnaelewana. Mwambie kwa heshima: "Mzee, Jumatano ulipakia baada ya kengele na mimi nilikuwa kwenye orodha. Nimekuja tulimalize hapa." Wakati mwingine linaisha hapohapo, kwa sababu naye anasukumwa na shabaha za uzalishaji kutoka juu na amekatazwa kutumia ovataimu. Akikwambia hivyo, liandike. Ni ushahidi kwamba mpango unatoka kwa meneja.

Lisipoisha, linakwenda kwa mkuu wa idara, kisha ofisi ya rasilimali watu na kamati ya tawi, halafu makao makuu ya chama. Kwenye vikao hivyo utasikia majibu yaleyale, kwa hiyo jiandae nayo.

Watasema kilikuwa kitu cha dakika chache. Weka tiketi ya mizani mezani.

Watasema hakukuwa na mtu. Uliza: nani alipigiwa simu, saa ngapi, kwa namba ipi? Kimya hapo kina thamani kuliko hotuba.

Watasema alikuwa anasaidia tu, roho ya timu. Hili ndilo la ujanja zaidi, kwa sababu ukilijibu vibaya unaonekana mchoyo. Jibu kwa upole kwamba msaada unapokelewa, na mtu aliye kwenye orodha alipwe kana kwamba aliitwa. Hapo roho ya timu hupimwa.

Watasema utawala una haki ya kuongoza kazi upendavyo. Ni kweli, kasoro pale ambapo utawala wenyewe umetia sahihi kinyume. Rudi kwenye mkataba, soma kifungu kwa sauti, kisha nyamaza.

Msisusie kazi wala kupunguza kasi katikati ya haya. Mgomo una utaratibu wake kisheria, na walioruka utaratibu huo wamefukuzwa huku lalamiko lao zuri likibaki mezani.

Nje ya geti

Chama kikishindwa ndani, mgogoro unapelekwa kwa maandishi kwa afisa wa kazi wa wilaya. Chini ya Sheria ya Migogoro ya Kazi ya 2006, usipomalizika ndani ya wiki 4, upande wowote unaweza kuomba upelekwe Mahakama ya Viwanda. Wiki 8 zikipita tangu uripotiwe na afisa hajaupeleka, mnaweza kuupeleka wenyewe. Lalamiko la mtu binafsi chini ya Sheria ya Ajira lina saa yake: afisa asipoamua ndani ya siku 90, unaweza kwenda mahakamani. Kwa hiyo tarehe ya muhuri kwenye nakala yako ni mali. Ofisi za wilaya zina watu wachache na mafaili mengi, na mwenye kufuatilia kwa barua fupi yenye tarehe huwatangulia wanaolalamika redioni.

Sishauri kila kesi ifike huko. Shilingi 13,500 haziwezi kugharimia safari za Kampala. Kusanya matukio, chama kiyafungue kama mgogoro mmoja wa mazoea, na hapo dai kuu liwe kifungu kuheshimiwa, pesa ifuate.

Wakianza kukutafuta

Kulipiza kisasi huja kimyakimya: unahamishiwa zamu mbaya, unaandikiwa onyo kwa kuchelewa dakika tano. Endelea na daftari. Sheria ya Ajira haikubali mtu afukuzwe kwa sababu ya uanachama wa chama au kwa kufungua lalamiko dhidi ya mwajiri, isipokuwa lalamiko lenyewe likionekana ni la ovyo lisilo na msingi. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutozua wala kutia chumvi. Ukisimamishwa kupisha uchunguzi, ni kwa nusu mshahara na haiwezi kuzidi wiki 4. Kabla ya kufukuzwa kwa kosa lazima usikilizwe, na una haki ya kuja na mtu uliyemchagua. Ukifukuzwa isivyo haki, peleka lalamiko kwa afisa wa kazi ndani ya miezi 3. Usisubiri ahadi za "tutakuita".

Ambao hawana mkataba wa pamoja

Watu wa leja leja, yaani vibarua, ndio wanaoumizwa zaidi na ndio wenye karatasi chache. Kanuni za Ajira za 2011 zinasema kibarua hawezi kuwekwa kwenye hali hiyo zaidi ya miezi 4 mfululizo. Akipita hapo anastahili mkataba wa maandishi na haki za waajiriwa wengine. Kwa hiyo kwenu vita vya kwanza ni mkataba huo, na vya msimamizi vinafuata. Mahali pasipo chama, tafuteni chama cha sekta yenu kupitia NOTU au COFTU, mashirikisho mawili ya vyama nchini. Na mkifika mezani, dai kifungu chenye mambo manne: kazi za madaraja haya hazitafanywa na msimamizi; isipokuwa dharura, mafunzo au kujaribu mashine; ikitokea, aliyestahili atalipwa saa hizo kwa kiwango cha ovataimu au zaidi; na utawala utaweka kumbukumbu ya kila tukio. Wakitaka kuondoa kimoja, wasiondoe malipo. Kifungu kisicho na bei ni maombi tu.

Baada ya kushinda

Suluhu iandikwe siku hiyohiyo: nani analipwa, kiasi gani, kwenye mshahara wa mwezi upi, na utawala umekubali nini kuhusu siku zijazo. Mkubwa akisema "tumeelewana kiungwana, hakuna haja ya karatasi", mshukuru na umpe kalamu. Mwisho wa mwezi angalia hati ya mshahara kama pesa imeingia kwa jina lake la kweli, ovataimu, si "zawadi", maana zawadi haiwi ushahidi safari nyingine. Nakala ya suluhu ikae kwenye faili la tawi, si nyumbani kwa mwenyekiti. Msimamizi akirudia, lalamiko jipya lifunguliwe ndani ya siku za mkataba na ile suluhu ya kwanza ibandikwe nyuma yake.